Paa la Upande wa Bahari

Nyumba za pwani yetu hazizeeki sawasawa. Upande unaotazama bahari hufa kwanza. Upepo wa chumvi huukausha, jua la kaskazi hulifanya kuti liwe jepesi kama ganda la kitunguu, na mvua ikija na dhoruba, kuti hilohilo hunywa maji mpaka likawa zito, likaanza kuoza pale lilipofungwa. Upande wa nyuma, uliojificha kwenye minazi, unaweza kukaa misimu miwili mitatu zaidi bila kuguswa. Anayepita njiani ataona paa zima. Mwenye nyumba hulijua kutoka ndani.

Mimi sikuzaliwa nikiyajua haya. Nilizaliwa mjini Palma, kwenye nyumba ya bati, kwa baba aliyekuwa na kiduka cha nguo na mafuta ya taa. Aliyenifundisha ni mavyaa wangu, mama wa mume wangu, nilipopelekwa kwake bibi harusi katika kijiji kimoja cha njia ya Kionga. Alikuwa mjane, mrefu, mchache wa maneno, na vidole vyake vilikuwa na makovu ya kamba kwa kushona makuti tangu usichana. Mwaka wangu wa kwanza, mvua zilipokaribia, aliniita adhuhuri, jua likiwa utosini. Akatandika mkeka katikati ya chumba, akalala chali, akaniambia nilale kando yake. Nilidhani anaumwa.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Naona nyota, mama."

"Basi hizo nyota ndizo mvua. Kila penye mwanga leo, kesho pana tone."

Tulilala hivyo muda mrefu, wanawake wawili chali mchana kweupe, yeye akinyoosha ufito kuonyesha penye kuti lililochoka, penye kamba iliyolegea, penye panya aliyejifanyia mlango. Aliniambia moshi wa jikoni ni rafiki wa paa, kwamba nyumba isiyopikwa ndani huliwa na wadudu mapema. Aliniambia kuti la mnazi mchanga halifai, na kwamba paa lililolala sana hushika maji, ila likisimama sana upepo hulibeba. Aliyasema haya kama mtu anayempa mwenzake habari za ndugu zake, yupi mgonjwa, yupi mzima. Sikuwa nimewahi kulitazama paa lolote maishani mwangu. La kwetu lilikuwa bati, na bati mtu hulisikia tu.

Kazi ya kuezeka ilikuwa ya watu wote. Kiangazi kizima mavyaa alishona, makuti yakapangwa kivulini nyuma ya nyumba, na siku ikifika majirani walikuja bila kuitwa mara mbili. Wanaume walikaa juu ya fito, sisi tuliwapa makuti kutoka chini, wengine walipika wali na samaki wa nazi. Mume wangu ndiye aliyekuwa akikaa upande wa bahari, kwa kuwa ndio ulihitaji mkono mzuri. Alikuwa mvuvi, ila mama yake alikuwa amemfundisha kila alilojua, kwani katika watoto wake wote ndiye peke yake aliyebaki hai. Alikuwa mtu wa kucheka. Akiwa juu kule aliwatania wanawake wa chini mpaka wazee wakamkemea.

Vita vya kumtoa Mreno vilikuwa vimeanza bara, kule juu uwandani kwa Wamakonde, nasi tulivisikia kama mtu anavyosikia radi ya mbali. Kisha vijana wakaanza kupungua. Fulani amekwenda Namoto kuuza samaki, harudi. Fulani amevuka Ruvuma kumtembelea mjomba wake ng'ambo, harudi. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu sipai, askari wa kienyeji, walikuwa wakiuliza pia, na sipai wa Mreno akikuuliza ni bora uwe hujui kweli.

Mwaka wetu wa pili, kusi bado likivuma, mume wangu akaanza kukata makuti. Haukuwa wakati wake. Akaezua upande wa bahari peke yake, akauezeka upya peke yake, na makuti mengine yalikuwa bado na ubichi. Nilidhani amechoka kukaa, kwa kuwa bahari ilikuwa imechafuka na hawakuvua. Mavyaa alisimama mlangoni akimtazama, kisha akaja jikoni kwangu, akaketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi bila kukuna kitu.

"Anataka kwenda," akasema.

Sikumwelewa mpaka asubuhi aliyochukua kikapu cha samaki wakavu, akasema anakwenda Namoto. Alimwamkia mama yake, akambusu mkono. Mimi alinitazama tu, akalitazama na paa, akatoka. Mwezi uliofuata ndipo nilipojua kwamba nina mimba. Hakukuwa na njia ya kumfikishia habari hiyo. Waliokwenda ng'ambo kwa wapiganaji walikuwa wamekwenda, na kumtaja mmoja wao kwa sauti kulitosha kuipeleka nyumba nzima gerezani.

Mimba ikiwa kubwa, wakaja askari. Walikuja na magari mawili na mkalimani, wakatukusanya, mkalimani akatwambia kwamba tunahamishwa kwa ajili ya usalama wetu. Tutajengewa aldeia, ndivyo walivyoiita, kijiji kilichopangwa kando ya njia kuu ya Palma, na humo watu wa porini, yaani wapiganaji, hawatatusumbua. Tulikuwa na muda mpaka alasiri. Watu wakakimbilia vinu, kuku, vyungu, misahafu. Mavyaa alichukua ngazi.

Niliposhika mguu wa ngazi kumzuia aliniambia nisimame pale nipokee. Akapanda, mwanamke mtu mzima, akaanza kukata kamba na kuteremsha makuti ya upande wa bahari, yale aliyoyaweka mwanawe. Nami nikayapanga. Kuti likishazoea mahali pake halipendi kuhamishwa. Hupinda kwa namna ya fito zake, na ukilishusha hukatika hata kama bado lina uhai. Yeye alijua hivyo kuliko mtu yeyote. Askari mmoja kijana alicheka, akamwita mwenzake aje aone. Mwenzake hakucheka.

Alasiri wakachoma kijiji. Nyumba zenye mapaa zilishika moto kwa dakika chache. Yetu, iliyokuwa imevuliwa upande mmoja, iliungua nusu, na kuta zikabaki zimesimama. Tukaenda kwa miguu, mimi na mimba yangu na mafungu ya makuti kichwani, na kila hatua ilidondosha vumbi. Tulipofika, sehemu kubwa ilikuwa fito tupu na majani yaliyosagika. Mavyaa alichagua yaliyosalimika, moja moja, akayafunika kwa kanga yake.

Mahali tulipowekwa palikuwa pamefyekwa na mashine. Hapakuachwa mti hata mmoja, ili anayekuja aonekane kwa mbali, na pakazungushwa seng'enge. Nyumba zilipangwa kwa kamba, mistari iliyonyooka, milango yote ikitazama barabara. Mavyaa alimwendea msimamizi akamweleza kwa heshima kwamba nyumba zikikaa hivyo mapaa yote yatapokea kaskazi kifua wazi, na hapa hakuna minazi ya kuyakinga. Aliomba yetu tu igeuzwe, ubavu uwe upande wa upepo. Msimamizi akajibu kwamba mistari haipindwi kwa ajili ya bibi mmoja. Miti tuliyopewa ilikuwa mifupi, na paa likatoka limelala. Aliezeka kwa alichokuwa nacho, na pasipotosha akaweka nyasi.

Katika nyumba hiyo binti yangu alizaliwa. Alitoka na uso wa bibi yake mzimamzima, paji pana na macho ya kutazama bila haraka, na wanawake waliokuja kumwona walicheka kwa kufanana huko. Mavyaa alimchukua, akatoka naye nje, akasimama naye kwenye kivuli cha ukuta mpaka jua likageuka. Toka siku hiyo mtoto alikuwa wake zaidi kuliko wangu, nami sikuona wivu.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwanamke wa Kimakonde aliyeteremshwa kutoka bara na watu wake, Mkristo, mwenye chale usoni na Kiswahili cha polepole. Mwanzoni tulitazamana tu. Sisi tulidhani watu wa bara ndio waliotuletea vita, na wao nadhani walituona watu wa pwani kuwa ni marafiki wa Mreno. Lakini nyumba zile zilikuwa karibu mno, ukikohoa mwenzio anaamka. Mvua za kwanza zilipomaliza kulipiga paa letu, yeye ndiye aliyekuja na fungu la nyasi zilizobaki kwake, akaonyesha kwa mikono jinsi kwao wanavyozipiga zikashikana. Mavyaa akamwonyesha jinsi ya kufunga fundo la pwani. Walifanya kazi hiyo karibu bila maneno. Baadaye walizungumza sana, na mara nyingi niliwakuta wameketi kwenye kizingiti, mtoto wangu amelala mapajani mwa huyo bibi wa bara.

Paa lilivuka mvua za mwaka ule kwa shida. Kiangazi kilichofuata mavyaa alinilaza tena mkekani adhuhuri. Safari hii mtoto alilala katikati yetu, akanyoosha mkono kuushika mwanga. Hatukuonyeshana kitu. Mbingu ilionekana yenyewe.

Tulihitaji makuti, na minazi ilikuwepo, yetu wenyewe, mwendo wa asubuhi moja kutoka pale. Lakini kutoka nje ya seng'enge kulikuwa kwa ruhusa, kwa saa chache, kwenda tu kwenye mashamba yaliyolimwa karibu, na askari nyuma. Mashamba ya minazi yalikatazwa, kwa kuwa walisema watu wa porini hulala humo. Nyasi za kandokando nazo zilichomwa kila mara ili mahali paonekane. Mavyaa alikwenda posto, ofisi ya serikali, kuomba. Alikaa chini ya jua mpaka mchana, kisha akapelekwa kwa shefu, mkubwa wa posto, na mkalimani akamwambia kwamba shefu amesikia, asubiri, jambo hilo litaangaliwa mvua zikiisha. Alirudi akaniambia maneno hayo kama alivyoambiwa, bila kuongeza lolote. Kisha akaenda kulala, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mchana.

Baada ya hapo akafanya njama. Njia ya kwenda shambani ilipita karibu na minazi michache iliyosimama peke yake, na askari wa zamu alikuwa na desturi ya kusinzia. Siku kadhaa mimi na yeye tulikata matawi mawili matatu, tukayasuka kienyeji hukohuko, tukayafunga ndani ya kuni. Yalipita. Jirani yetu naye akaanza kutusaidia, akibeba mafungu kama ni kuni zake. Tulikuwa tumeshapata ya kuziba pembe moja, ile tuliyomlaza mtoto. Siku iliyofuata langoni akawekwa sipai mpya, mtu wa huku huku kwetu, ambaye hata mavyaa alimfahamu mama yake. Akalifungua fungu la kwanza la kuni, akaona. Akatazama nyuma kama kuna anayemwangalia, na kweli alikuwepo.

"Mama, nisamehe," akamwambia mavyaa kwa sauti ndogo. "Yaweke hapa chini."

Tukayaweka. Wengine nyuma yetu walikuwa na yao pia, maana hatukuwa peke yetu katika akili hiyo, na yote yakatupwa pale kando ya lango. Amri ikatoka kwamba hakuna kuingiza jani la mnazi. Lile rundo halikuchomwa wala halikugawiwa. Likabaki palepale, likakauka, likafifia, mbuzi wakalilalia, na mvua zilipoanza likaloa. Kila tulipokwenda kuteka maji tulilipita. Makuti yaliyoweza kuziba mapaa ya mstari mzima yalioza mbele ya macho yetu, na hakuna aliyeyahitaji zaidi yetu.

Mavyaa alikuwa na mkeka mmoja mzuri aliouweka mbali na mingine yote. Aliusuka mwenyewe kwa ajili ya mazishi yake, kama wanawake wengi wa kwetu walivyofanya, ili siku yake ikifika watu wasihangaike. Mvua zilipoanza aliutoa, akapanda juu, akaufunga juu ya pembe ya mtoto. Nilimwambia asifanye hivyo. Akanijibu kwamba mkeka ni wa kumfunika mtu, na mtu wa kufunikwa yupo.

Mwaka ule kaskazi ilikuja na hasira. Mvua ilinyesha mfululizo, ikapumzika nusu siku, ikarudi. Mtu aliyelelewa kwenye bati hajui kwamba nyumba ya udongo yote ni mali ya paa. Paa likishindwa, maji hushuka ukutani, udongo hulainika, fito hujitokeza, na baridi huingia kutoka kila upande. Moto haukuwaka, kuni zilikuwa maji. Tulipokezana mtoto mikononi ili asiguse chini. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika nguzo, akitembea hatua moja na kuanguka na kucheka. Siku moja hakutaka kusimama. Kifua kikaanza kupanda na kushuka haraka, na pembeni mwa mbavu ngozi ilikuwa ikiingia ndani. Wanawake walisema ni kichomi.

Nilimpeleka posto nimemfunika kwa gunia. Mhudumu wa dawa alinipa vidonge vya kusaga, akaniambia mtoto akae mahali pakavu. Aliyasema kwa upole, nami nilimshukuru.

Jirani alituita kwake, kwa kuwa paa lake la nyasi lilikuwa limebaki na kona moja isiyovuja. Tulikaa katika kona hiyo, wanawake watatu, tumemzunguka mtoto kwa miili yetu. Alikufa alasiri, mvua ikiwa imekatika kidogo na watu wakiwa wametoka nje kuanika nguo. Nilisikia watoto wa majirani wakicheza kwenye madimbwi. Mavyaa ndiye aliyeniambia, kwa kuwa mimi nilikuwa bado nikimwimbia.

Sanda ilipatikana kwenye kanzu ya mzee mmoja. Mavyaa akapanda kuushusha mkeka wake, ukavunjika mikononi mwake. Ulikuwa umeoza, una madoa meusi, na harufu ya ukungu. Alikaa nao chini, akijaribu kuvikutanisha vipande. Jirani akaingia kwake, akatoka na mkeka wake wa kulalia, ambao alikuwa hana mwingine, akauweka mbele yetu. Alisema, "Huu mkavu." Ndio uliombeba binti yangu mpaka makaburini, nje ya seng'enge, na askari wawili wakitufuata kwa nyuma.

Mvua zilipokwisha, lori lilileta mabati. Wakubwa kutoka mbali walikuwa wanakuja kuitazama aldeia, kwa hiyo mstari wa mbele uliezekwa bati, na nyumba yetu ilikuwa katika mstari huo. Wanaume waliogongea misumari walifurahi kwa ajili yetu. Mavyaa aliwashukuru, akawapa maji. Kisha akahamishia kitanda chake barazani, na mpaka vita vinaisha hakulala ndani tena. Sikumuuliza sababu. Mchana bati lile lilichoma kama kikaango, na hewa ya chumvi ikaanza kulila mapema, kwanza kwenye misumari, kisha mashimo yakatembea kufuata mikunjo. Mistari ya nyuma iliendelea kuloa.

Miaka ikapita humo. Ikaja siku askari wa langoni hawakuonekana, na watu wakasimama mbele ya lango lililo wazi bila kujua nani atangulie. Baada ya muda mfupi kila mtu alikuwa akikata seng'enge. Jirani yetu aliondoka na watu wake kurudi bara. Alimkumbatia mavyaa, wakashikana mabega kwa muda, na sikuwahi kumwona tena.

Sisi tulirudi kwenye minazi. Palipokuwa na nyumba yetu hapakuwa na kitu isipokuwa tuta la udongo lililoota majani, na nguzo mbili zilizoliwa na mchwa. Hizo kuta zilizopona moto, mvua ilizishusha polepole kwa kuwa hakuna kilichozifunika. Tulijenga kibanda. Na tukiwa katika kibanda hicho, asubuhi moja, mume wangu akatokea njiani akiwa na mfuko begani. Alikuwa amekonda, nywele zimeanza kupauka, mguu mmoja anauvuta. Miaka yote hiyo alikuwa akibeba mizigo ya vita, kutoka mtoni mpaka bara na kurudi. Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili, akalia kwa sauti. Hakuwa amelia mbele yangu kabla ya siku hiyo.

Baadaye, mume wangu alipokwenda kuoga, mavyaa alinivuta kando.

"Usimwambie," akasema. "Alichopoteza hajui kama alikuwa nacho. Mwache."

Nilikubali. Niliona ni huruma, na labda ilikuwa huruma kweli. Mume wangu akaanza kujenga nyumba mara moja, mahali palepale, ubavu ukielekea upepo. Kicheko chake kilirudi kidogo kidogo. Siku ya kuezeka walikuja waliokuwa wamesalia, na yeye akapanda upande wa bahari kama zamani, mimi nikisimama chini nikimpa makuti. Watu walikuwa wakitajiana waliokufa, kama ilivyokuwa desturi ya siku hizo kila wanapokutana wengi. Akanyoosha mkono apokee, akaniambia kutoka juu, kwa uso wa furaha, kwamba anamshukuru Mungu, nyumba yake haikupoteza mtu.

Sikuweza kumpa kuti lililokuwa mkononi mwangu.

"Imepoteza," nikasema. "Ulikuwa na binti."

Kazi ilisimama upande ule. Alishuka polepole kwa sababu ya mguu. Akanisogeza mpaka kwenye minazi, akaniuliza alifanana na nani, nikamwambia na mama yako. Akauliza aliugua nini. Nikamwambia kichomi, halafu nikamweleza yote, lango, rundo la makuti, mkeka. Alisikiliza akitazama chini. Sikumwona akilia. Aliporudi alimpita mama yake, aliyekuwa ameketi na makuti mapajani na ameshajua, akamwekea mkono kichwani, kisha akapanda tena.

Tangu hapo aliezeka kwa namna ambayo watu walianza kutazamana. Alibananisha kuti juu ya kuti mpaka yakawa kama godoro. Makuti ya nyumba nzima yakaishia upande mmoja. Mavyaa alimwambia kutoka chini kwamba yanatosha sasa, boriti zitalemewa. Yeye aliendelea kunyoosha mkono, nami nikaendelea kumpa. Jioni boriti ya kati ilikuwa imepinda. Kesho yake ikabidi wanaume waingize nguzo nyingine chumbani kuishikilia, na upande wa nyuma ukakaa wazi kwa majuma kadhaa mpaka tuliposhona mengine.

Alitaka kuliona kaburi. Tulikwenda sote watatu, mama yake akitembea kwa fimbo. Aldeia ilikuwa imeshaanguka, watu wamechukua mabati yaliyokuwa bado mazima, na njia ya makaburini ilikuwa imefungwa na vichaka. Tulipofika, matuta yote yalikuwa yamesawazishwa na mvua. Tulikuwa tumeweka jiwe siku ya maziko, nakumbuka, lakini kila mtu aliweka jiwe, na mengi yalikuwa ya watoto. Nilizunguka nikitafuta alama yoyote. Nilijaribu kukumbuka tulisimama upande gani na mwanga ulitoka wapi, ila siku ile hakukuwa na jua.

Mavyaa alikwenda mpaka katikati ya mawe mawili, akajishusha, akaketi.

"Ni hapa?" mwanawe akamuuliza.

"Sijui."

"Sasa mbona umekaa hapa, mama?"

"Lazima tukae mahali," akasema.

Mwanawe akaketi upande wake wa kulia, mimi nikaketi wa kushoto. Mume wangu alisoma Fatiha kwa sauti, taratibu, akairudia, kisha akasoma na sura nyingine fupi alizozijua zote. Alipomaliza hatukuinuka. Mavyaa alikuwa aking'oa majani yaliyokuwa karibu na mkono wake, moja moja, akiyaweka kando, na baada ya kidogo mume wangu naye akaanza kung'oa, nami pia, kwanza pale tulipokaa, kisha kwenye kaburi la jirani, na la jirani yake tena.